Zamu ya Mtu wa Bukavu

Goma, 3 Oktoba 2001

Leo Papa amemfukuza Ismael, aliyekuja kuposa. Hakumfukuza kwa maneno makali. Alimkaribisha, akampa kiti chenye mto, kisha akamwonyesha ubao wa sataranji ulio mezani karibu na dirisha na kumwambia, "Mutoto yangu, unaona ile muchezo? Mwenye kuicheza hajamaliza. Sasa namna gani nitatoa bibi yake?" Ismael ni fundi wa magari na sataranji haijui hata kwa kusimuliwa. Alikodolea ubao macho, akamaliza chai, akaaga.

Mvua imenifungia ndani, kwa hiyo nieleze. Kaka yangu Nuhu alikuwa akicheza fainali ya mji, Jumapili ya tarehe 2 Agosti 1998, na mhasibu mmoja kutoka Bukavu aitwaye Mulumeoderhwa. Katikati ya mchezo risasi zikaanza kulia. Ndiyo siku uasi ulipoanza. Watu walitoka ukumbini wakipitia hata madirishani. Nuhu alionekana akishuka Kituku, ufukweni mwa ziwa, na yule mpinzani wake kutafuta mtumbwi, na tangu hapo hakuna aliyewaona tena, si huyu si yule. Papa alikuwa ukumbini akitazama, na kichwa chake hakisahau hatua hata moja. Alirudi nyumbani, akapanga vipande jinsi vilivyoachwa, na mpaka leo tunavifuta vumbi bila kuvisogeza. Nuhu alikuwa ameshacheza. Zamu ni ya mtu wa Bukavu.

Aziza, mke wa Nuhu, bado anaishi nasi. Shehe amemwambia kwamba mzee wa nyumba akikubali mwanawe amekufa, atamfungulia, aolewe. Papa hakubali. Hataki hitima, hataki hata jina la Nuhu litajwe pamoja na neno marehemu. Ismael alipoondoka, Aziza alisimama katikati ya sebule.

"Papa, miaka hii yote miye niko nani? Niko bibi ya mutu ao niko bibi ya meza?"

"Siku mutanionyesha muchezo umeisha," Papa alijibu, "nitaita shehe miye mwenyewe."

Niseme ukweli, Aziza aliniudhi. Macho makavu, midomo imebana, anadai mume mpya kama mtu anayedai chenji yake. Lakini na mimi nimechoka na nyumba hii. Kama kinachotakiwa ni mchezo kuisha, nitaumaliza mimi. Papa ndiye aliyenifundisha pamoja na Nuhu. Nitamwonyesha kwamba mwanawe alikuwa ameshashindwa tangu ukumbini, ila hakuna aliyewahi kuliona.

7 Oktoba

Ardhi imetikisika asubuhi. Vikombe vilianguka jikoni. Kwenye ubao hakikuanguka kitu.

10 Oktoba

Nimeanza na mwanzo, maana ugonjwa wa mchezo huu uko huko. Nuhu ana vyeupe. Anasukuma pioni iliyo mbele ya mfalme, na mtu wa Bukavu naye vilevile. Kisha Nuhu anatoa pioni ya jirani bure kabisa, iliwe. Inaliwa. Hapo mwenye akili angemtoa farasi amlinde mfalme. Nuhu akatoa fou, yule anayekwenda mshazari. Malkia mweusi akaruka mpaka ukingoni akamwambia mfalme: toka hapo ulipo. Mfalme akasogea nyumba moja kulia, na kwa hatua hiyo moja tu akapoteza haki ya kujificha nyuma ya ngome yake kwa mchezo mzima. Mbaya zaidi, ngome yenyewe ikabaki imefungiwa pembeni, na aliyeifungia ni mfalme wake mwenyewe.

Zamani nilimwuliza Nuhu kwa nini anapenda mwanzo wa aibu namna hiyo. Alicheka. "Malkia yake ametoka mbio sana. Nitamukimbiza, na kila mara nikimukimbiza, mutu yangu moja anatoka ku nyumba." Na kweli ndivyo ilivyokwenda. Malkia mweusi alifukuzwa huku na huku mpaka akaishiwa pumzi, na vyeupe vikatoka kimoja baada ya kingine. Lakini ile ngome ya pembeni haikutoka. Mpaka mchezo unakatika bado imekaa palepale, kama mtu aliyesahauliwa chumbani.

15 Oktoba

Nimetafuta kifo cha mfalme mweupe kwa siku kadhaa. Sikioni. Na ushindi wake siuoni pia.

Papa alinikuta nimeinama juu ya ubao. "Usiguse," alisema, nami sikugusa.

22 Oktoba

Kazi yangu ni phonie, redio ya kuitana kutoka mji hadi mji. Nina chumba kimoja mtaa wa Birere chenye betri mbili za lori na waya juu ya paa. Asubuhi napokea bei ya mchanga wa koltani kutoka Walikale, mchana habari za ndege, jioni salamu na umbea wa maopereta wenzangu. Kila mtu yuko kwenye masafa yaleyale, kila mtu anamsikia kila mtu. Bei ya koltani ikishuka hata walinzi wa depo wanajua kabla ya patron, tajiri wetu.

Leo mvua ilikata kazi mapema. Donat, opereta wa Walikale, alisoma seminari na sataranji aliijulia huko, kwa hiyo nikamtajia vipande vilivyobaki na mahali vilipo, nikamwuliza: ungekuwa mweusi ungecheza nini?

"Sumaya, ah, weye nawe!" alisema. "Batu banasikiliza. Batasema tunatoa position ya basoda."

Nilicheka kwamba pioni zangu zimekuwa wanajeshi. Kisha, katikati ya ule mvumo wa hewa, sauti nyingine ikaingia. Ya mwanamume, ya chini, iliyofifia. "Noir: cavalier, g quatre." Basi. Hakutaja kituo, hakusema over.

"Ni nani ule?" Donat aliuliza.

Niliita vituo vyote ninavyovijua. Hakuna aliyejibu.

23 Oktoba

Farasi kwenye g4. Nimeitazama nyumba ile tangu alfajiri. Wiki hizi zote sikuiwaza kwa sababu farasi anaonekana anajiua. Sasa naona kwamba ukimla, unafunguliwa kifua.

2 Novemba

Nimejibu. Nilingoja mvua, nikabonyeza kitufe, nikasema, "Blanc: dame inakula cavalier," yaani malkia mweupe amle farasi. Niliona haya, kama mtu anayezungumza peke yake barabarani.

Jibu lilikuja kabla sijaachia kitufe vizuri. "Hapana. Haiko vile."

Nikajaribu hatua nyingine. "Hapana," ile sauti ikasema. Nikajaribu ya tatu. "Hapana. Blanc hakucheza vile."

Nilizima mashine nikaenda kusimama nje kwenye mvua.

9 Novemba

Mbuzi wa jirani wamekutwa wamelala bondeni nyuma ya ukuta, wote, kama wanaosubiri mtu. Ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini. Papa amekataza mtu yeyote kuinama pale, hata kuokota kuni.

14 Novemba

Nimeelewa kosa langu. Nilikuwa nacheza kama mimi. Mimi nikiwekewa kitu mbele yangu nakula. Nuhu hakuwa hivyo. Hata mezani, sahani ikifika aliigeuza kwanza, akaitazama upande wa pili. Nikaketi kama alivyokuwa akiketi, mguu mmoja chini ya paja, kidevu juu ya ngumi, nikaacha kumtazama farasi. Nikatazama upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Kulikuwa na pioni pale, katikati, inasubiri tu kusukumwa.

"Blanc: pion, d cinq," nilisema.

Hewa ilivuma. "Njo vile," sauti ikakubali, polepole, na nikasikia kama anameza mate. Kisha, harakaharaka, hatua ya mweusi.

Huyu mtu hafikiri. Hilo ndilo linalonitisha. Nikishasema sawa, jibu lake liko tayari mdomoni.

16 Novemba

Nimeharibu kila kitu. Mchana Papa alikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, nami nikasogeza vipande ili nione mchezo ulipofikia. Jirani akaniita mlangoni, nikasahau kuvirudisha. Papa alirudi, akavua viatu, akaona. Nilitegemea atapiga kelele. Aliketi tu, akamgusa farasi mweusi kwa ncha ya kidole.

"Amekuya," alisema.

"Papa, ni miye niligusa."

Alitabasamu, na tabasamu lile lilinikata maini. "Weye? Weye huwezi kuwaza ile farasi. Mutu ya Bukavu amecheza. Kama yeye iko, basi Nuhu iko."

Ni kweli sikumwaza mimi.

20 Novemba

Ramadhani. Papa ameagiza sahani ya Nuhu iwekwe kwenye futari. Aziza anapakua, anaiweka mahali pake, anaketi. Uji unapoa, unashika utando juu, kisha Aziza anauondoa. Zamani ningesema ana kiburi. Leo nilimtazama vizuri nikaona kwamba tangu mwezi uandame, yeye mwenyewe hajala zaidi ya tende.

27 Novemba

Hatua mbili leo. Nimeipata ya kwanza kwa mara moja. Ya pili kwa mara ya tatu. Mfalme wetu amesogea tena, kuelekea ukingoni. Ngome ya pembeni bado imefungwa.

5 Desemba

Aziza alinifuata jikoni akafunga mlango.

"Papa anasema Nuhu anacheza. Anasema kila juma vipande vinatembea. Ni weye unatembeza, eh?"

Nilimweleza yote: phonie, sauti, hapana, njo vile. Nilidhani atanicheka, au atalia. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ile sauti inafanana na yake?"

"Hapana."

"Uko sûre?"

"Niko sûre. Nuhu alikuwa anafikiri sana mbele ya kusema. Huyu hafikiri."

Alishika upindo wa kitenge chake akaukunja, akaukunjua. "Sumaya, miye sina haraka ya Ismael. Munafikiri hivyo, ninajua. Miye ninataka kitu moja tu: mutu aniambie niko nani, nilale." Kisha akainuka akaendelea kuchambua mchele. Nilibaki nimesimama pale na mwiko mkononi kama mjinga.

16 Desemba

Idi. Papa alivaa kanzu mpya na kumwekea Nuhu biriani. Wageni walipoulizia ile sahani, aliwaambia ni ya mtu aliye njiani. Hakuna aliyeomba nyama ya ziada.

28 Desemba

Leo mweusi amemtoa mfalme wake. "Noir: roi, h sept." Sauti ilitetemeka. Nikasema, subiri, usiondoke, weye ni nani, uko wapi. Hakuna. Donat aliingia hewani akasema naye alimsikia, na kwamba opereta wa Punia anaapa sauti ile ni ya mfu. Nilimwambia aache upuuzi, lakini nilifunga chumba mapema.

2 Januari 2002

Nimetaja hatua nne za mweupe. Hakusema hapana. Hakusema njo vile. Kimya.

4 Januari

Ardhi imetikisika tena, kwa muda mrefu. Watu wanaotoka upande wa mlima wa volkano wanasema kuna nyufa zinazotoa moshi, na kwamba udongo unachoma miguu. Patron anasema kila mwaka wanasema hivyo.

9 Januari

Kimya. Nimejaribu asubuhi, mchana na jioni. Nyumbani Papa anakaa mbele ya ubao siku nzima. Sasa zamu ni ya Nuhu, na hilo linampa furaha ninayoshindwa kuitazama. "Anafikiri," ananiambia. "Mumuache afikiri."

16 Januari

Nilikuwa nafunga mashine. Sikuwa nimesema kitu, sikuwa nimebonyeza chochote. Mvumo ulikatika ghafla, kama mlango uliofungwa, na katika kimya kile nikajua kuna mtu upande wa pili. Alikawia. Nilisikia kukawia kwake. Kisha: "Blanc. Roi, g deux."

Haikuwa ile sauti ya siku zote. Ilikuwa mbali, ya mtu aliyefikiri muda mrefu na hana haraka tena. Sitaandika nilimdhania nani.

Nimefika nyumbani. Sijasogeza kitu. Sijamwambia mtu.

19 Januari, Gisenyi

Naandika kwenye ukumbi wa shule, juu ya paja, na kuzunguka kwangu kuna watu ambao juzi walikuwa na nyumba.

Juzi asubuhi mlima ulipasuka. Mwanzoni ilikuwa habari tu: moto umetoka, umeshuka, umefika kwenye vijiji vya kaskazini. Mchana hewa ikawa nzito, yenye harufu ya kiberiti, majivu yakaanza kuanguka juu ya nguo zilizoanikwa. Saa za alasiri watu wakaanza kupita na magodoro kichwani. Hawakukimbia, na hilo ndilo lililonitia baridi. Walitembea kimya, maelfu, na nyuma yao mlio, wa kitu kizito kinachosagwa.

Nilitoka kwenye phonie mbio hadi nyumbani. Aziza alikuwa ameshafunga vifurushi viwili. Papa alikuwa kwenye kiti chake, mbele ya ubao.

"Mwende," alisema. "Miye nabaki. Ni zamu yake. Akirudi akute hakuna mutu?"

Nililia, nilimvuta mkono, nilimwapia kwa jina la marehemu Mama. Hakutikisika. Mwisho wa barabara yetu uliwaka mwanga mwekundu ingawa jua halijazama, na nikaona ukuta mweusi unaosogea, mrefu kuliko mtu, unaoangusha mawe ya moto kutoka kifuani mwake. Ulikuwa unakuja polepole, mtoto mdogo angeweza kuukimbia. Nyumba ya jirani ilipoguswa haikuungua kwanza. Iliinama, kisha ikawaka yote mara moja. Papa aliutazama akarudisha macho yake kwenye ubao. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona yuko tayari.

Aziza aliweka vifurushi chini. Alitandaza kitenge chake sakafuni, akashika ubao kwa mikono yote miwili, akaumimina. Vipande vyote vilianguka kitengeni, vyeupe na vyeusi, wafalme na farasi. Alikifunga fundo.

"Sasa umeisha," alisema. "Papa, simama."

Sijawahi kuona uso wa baba yangu jinsi ulivyokuwa. Nilidhani atampiga. Joto lilikuwa limeshafika dirishani, pazia likajikunja lenyewe. Papa alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje bila kumtazama yeyote. Tulimfuata. Hatukuwa tumefika njia panda tuliposikia paa letu likishuka.

Tulivuka mpaka wa nchi gizani pamoja na dunia nzima. Nyuma yetu anga lote lilikuwa jekundu, na vipande vya sataranji viligongana kitengeni mgongoni kwa Aziza kila alipopiga hatua.

24 Januari, Keshero

Tumerudi Goma. Binamu wa Papa ametupa chumba. Birere imekuwa jiwe, na chini ya jiwe hilo kuna phonie yangu na nyumba yetu. Linafuka moshi bado. Watu wanatembea juu yake viatu vikinuka.

30 Januari

Papa hasemi na Aziza. Anapokea chakula mkononi mwake, anakula. Kitenge kiko pembeni ya chumba na fundo lake.

10 Februari

Alasiri mtu alibisha hodi. Nilikuwa napepeta mchele, ungo ukanitoka mikononi. Nilikuwa nimesikia hodi moja tu, na niliijua sauti.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la mvua, mvi zimemjaa upande mmoja wa kichwa. "Ni hapa kwa muzee Useni?" aliuliza, akimtaja Papa kwa jina. "Nimetoka Shabunda. Balisema Goma imeungua. Nilitafuta Birere yote."

Kwa miaka hii yote nilimchukia mtu huyu wa Bukavu. Nilijiaminisha kwamba yeye ndiye aliyemuuza kaka yangu, kwa sababu ilibidi awepo mtu. Na sasa alikuwa amesimama mlangoni akipangusa matope viatuni, anaogopa kuingia.

Papa alimtambua kabla hajaketi. Hakumsalimia. "Ilikuwa zamu yako," alisema.

"Nilishacheza, Papa."

Basi Papa akafungua lile fundo mwenyewe. Pioni moja ilikuwa imepotea, tukaweka kizibo cha soda mahali pake. Tulichora ubao kwa mkaa juu ya katoni, na Papa akapanga vipande kama vilivyokuwa ukumbini. Aziza alisimama mlangoni.

"Basoda balitukamata Kituku, hatujapanda mutumbwi," Mulumeoderhwa alisema. "Balituweka mu kontena, watu wengi. Giza kabisa. Nuhu aliniambia, mwenzangu, tumalize muchezo, ao tutapata wazimu. Tulicheza kwa mudomo. Cavalier, g quatre. Alifikiri sana, nafikiri mpaka asubui. Pion, d cinq."

Alitaja hatua moja moja, ya Nuhu na yake, na Papa akasogeza. Kila moja niliijua. Alikuwa akisema kwa haraka ileile ya kwenye phonie, haraka ya mtu aliyerudia maneno hayo peke yake kila siku. Alisema alipata kazi ya opereta huko msituni, na siku aliponisikia nikimtajia Donat vipande vile, nusura aanguke kitini.

"Kwa nini haukusema?" nilimfokea. "Kwa nini haukusema hata jina yako?"

"Dada, phonie kila mutu anasikia. Na bale basoda bangali beko. Ningesema nini? Nilisema kile niliweza kusema."

Tukafika kwenye mfalme mweusi, h7. Papa alimweka, akangoja.

"Na kiisha?" aliuliza.

Mulumeoderhwa alitazama katoni. "Kiisha ilikuwa zamu yake. Alikuwa anafikiri. Balifungua mulango, bakamuita na jina. Aliniambia, ngoja, nimeiona, nitakuambia nikirudi." Aliinua macho kwa Papa. "Nilisikia bunduki mara moja, nyuma ya kontena. Miye baliniachilia kesho yake, sijue kwa nini."

Nje mtu alikuwa akigonga bati. Nikaisikia sauti yangu ikiuliza: na tarehe 16 Januari? Ulisema nini siku ile?

"Januari sikusema kitu. Patron alichukua betri mbele ya mwaka mupya."

Pengine alikuwa Donat. Pengine ilikuwa kiberiti kichwani mwangu. Sijui, na sitauliza. Nilinyoosha mkono, nikamshika mfalme wetu aliyekuwa kwenye nyumba ya h2, nikamsogeza pembeni, g2. Hapo tukaona alichokiacha wazi. Ile ngome, iliyofungiwa tangu mwanzo wa mchezo, ilikuwa inatazama moja kwa moja mpaka kwa mfalme mweusi, na mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda.

Mulumeoderhwa aliinama. Midomo yake ilicheza. "Mat," alisema. "Miaka yote hii sikuiona." Akamlaza mfalme wake kwa mikono miwili, taratibu, jinsi mtu anavyolazwa.

Papa aliketi vile mpaka adhana ya magharibi. Kisha akasema, "Umeisha," akajifunika uso kwa kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia baba yangu akilia.

12 Februari

Hitima imesomwa leo asubuhi. Papa alimwita Aziza mbele za watu, akamwita binti yangu, akamwambia yuko huru. Shehe naye akaeleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku habari zilipofika, kwa hiyo ya Aziza ilishakwisha zamani na hana haja ya kukaa eda. Ismael alikuwa uani na kilo zake za sukari, ameshanyoa.

Aziza alimsikiliza shehe mpaka mwisho. Alikuwa ameshavaa nguo nyeupe za eda, sijui alizitoa wapi.

"Shehe, weye unahesabu toka siku alikufa," alisema. "Mpaka juzi miye nilikuwa namukasirikia kwa sababu harudi. Kila asubui naamuka, namukasirikia. Sikumulilia hata siku moja. Sumaya, mwambie Ismael anisamehe. Miye nimefiwa juzi."

Niliyeandika kwamba anadai mume kama mtu anayedai chenji ni mimi, kwenye kurasa hizihizi. Nilitoka nikamwambia Ismael, akaniachia sukari akaenda. Kisha nikatandika mkeka, nikafunga mlango, nikaketi na Aziza, aanze eda yake.